Plazima Inavyochonga Chipu na Kujeruhi Vihami Vyake

Katika maduka ya simu ya Mutaasa Kafeero, Kampala, kuna hukumu moja ambayo mafundi huitoa kila siku: IC, yaani chipu, imekufa. Bodi ni safi. Hakuna alama ya kuungua, hakuna dalili ya maji, kapasita zote zinapima vizuri, na mwenye simu anaapa haijawahi kuanguka. Fundi anapasha IC moto, anaing'oa, anabandika nyingine, simu inawaka. Mteja analipa na kwenda zake. Kwa nini ile ya kwanza ilikufa, hakuna mwenye muda wa kuuliza.

Mara nyingi kisa kinatoka nje: chaja mbovu, joto, umeme wa nyumbani unaopanda na kushuka. Lakini kuna udhaifu mwingine ambao chipu huzaliwa nao. Huupata kiwandani, miaka kabla ya simu kufika Uganda, ndani ya chumba cha chuma kilichofyonzwa hewa na kujazwa gesi inayong'aa. Gesi hiyo ni plazima. Bila plazima hakuna chipu ya kisasa hata moja. Na plazima hiyo hiyo hujeruhi tando nyembamba za kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, ambazo chipu inazitegemea ili iishi.

Jambo hili linanigusa kwa sababu vijana wetu wanaosoma elektroniki Makerere, Kyambogo au Busitema hufundishwa transista kama mchoro ubaoni, na katika mchoro ule kihami huwa hakina dosari. Mistari miwili sambamba, nafasi katikati, mkondo haupiti, basi. Kihami cha namna hiyo hakipo duniani. Kilichopo ni utando wenye unene wa atomu chache au makumi ya atomu, uliopitia mkono wa plazima tena na tena kabla ya kufungiwa ndani ya plastiki nyeusi.

Plazima tunaijua kwa macho. Watu wa ukanda wa Ziwa Viktoria, mojawapo ya maeneo yenye radi nyingi kuliko mengi duniani, huiona kila msimu wa mvua: mwale wa radi ni hewa iliyokuwa plazima kwa muda mfupi sana, pale elektroni zilipobanduliwa kutoka kwenye atomu zake na kuiacha gesi ikiwa mchanganyiko wa chembe zenye chaji hasi na chaji chanya. Jina hilo lilipewa hali hiyo ya gesi na mwanasayansi wa Marekani Irving Langmuir mwaka 1928.

Plazima ya kiwandani ni ya tabia nyingine. Gesi ndani ya chumba chake ni nyembamba mno, kwa kawaida karibu sehemu moja tu kwa mia elfu ya mgandamizo wa hewa tunayovuta. Umeme wa mawimbi ya redio, mara nyingi wa megahezi 13.56, huzitikisa elektroni mpaka zipate nguvu ya kubandua nyingine. Elektroni hizo huwa na joto la makumi ya maelfu ya nyuzi, ilhali gesi yenyewe inabaki na joto la wastani tu, kwa kuwa elektroni ni nyepesi mno na haziwezi kuzipasha atomu nzito kwa kuzigonga. Ndiyo maana kisahani cha silikoni, ambacho juu yake chipu hujengwa, kinaweza kukaa humo bila kuyeyuka wala kuharibu rezisti, ule utando unaoitikia mwanga unaochorwa juu yake ili kuonyesha wapi pachongwe na wapi paachwe.

Ndani ya chumba hicho kuna wahusika wanne. Kuna elektroni, zinazokimbia huku na huko pande zote. Kuna ioni, ambazo ni atomu zilizopoteza elektroni. Zenyewe ni nzito, na zikikaribia kisahani huvutwa moja kwa moja kwenda chini. Kuna radikali, yaani vipande vya molekuli visivyo na chaji lakini vyenye njaa kali ya kuungana na chochote. Na kuna mwanga, sehemu yake kubwa ikiwa ni mionzi ya urujuanimno ambayo jicho haliioni. Kila mmoja kati ya hao wanne ana kazi yake, na kila mmoja ana namna yake ya kujeruhi.

Kwa nini basi wasitumie asidi tu, kama zamani? Kwa sababu asidi hula pande zote. Ukiitumia kuchimba mfereji wa kwenda chini, itachimba na pembeni kwa kasi ile ile. Mifereji ikiwa na upana wa maikromita kadhaa, hilo linavumilika. Ikiwa na upana wa nanomita 30 (nanomita ni sehemu moja kwa milioni ya milimita), kuta zake zitaliwa zote na nyaya zitagusana. Plazima hula kwenda chini, na siri yake ilionyeshwa wazi mwaka 1979 na John Coburn na Harold Winters wa IBM huko California. Walipuliza gesi ya florini na zenoni juu ya silikoni: ikaliwa polepole. Walipiga silikoni kwa ioni za agoni peke yake: ikaliwa polepole zaidi. Walipofanya yote mawili kwa pamoja, kasi iliruka ikawa karibu mara 10 ya ile ya gesi peke yake. Ioni hulegeza vifungo vya uso, radikali huja na kubeba kilicholegezwa. Kwa kuwa ioni zinashuka wima, sakafu ya mfereji inachongwa na kuta zinasalimika.

Hapo ndipo kiini cha jambo hili kilipo. Kinachofanya plazima ichonge vizuri, yaani chaji, mgongano wa ioni zenye nguvu, radikali zenye njaa na vifungo vinavyolegezwa, ndicho hicho kinachoumiza utando ulio jirani. Huwezi kuondoa kimoja ukabakiwa na kingine.

Geti na chaji isiyo na pa kwenda

Tuanze na utando ulio muhimu kuliko zote. Transista ni swichi. Juu yake kuna geti, na kati ya geti na silikoni kuna utando wa kihami ambao kwa miongo mingi ulikuwa oksidi ya silikoni. Ukiweka volti kwenye geti, silikoni iliyo chini hupitisha mkondo, ukiiondoa, hukata. Kupitia utando wenyewe mkondo haupaswi kupita. Katikati ya miaka ya 1990 utando huu ulikuwa na unene wa nanomita 5 hadi 10 hivi. Miaka ya mwanzo ya 2000 Intel iliufikisha nanomita 1.2, ambazo ni kama tabaka 5 za atomu.

Oksidi nzuri ya silikoni huvunjika ikiwekewa takriban volti 1 kwa kila nanomita. Chukua utando wa nanomita 5: volti 5 zinatosha kuutoboa, volti zile zile zinazotoka kwenye chaja ya kawaida ya simu. Sasa uweke utando huo ndani ya chumba cha plazima ambamo ioni zinamwagika upande mmoja na elektroni upande mwingine.

Kama plazima ingekuwa sawasawa kila mahali juu ya kisahani, hatari ingekuwa ndogo. Katika kila mzunguko wa mawimbi, elektroni na ioni zinazofika mahali pamoja zingelingana, na chaji ingejifuta. Lakini plazima haiwi sawasawa kamwe juu ya kisahani chenye kipenyo cha milimita 300. Katikati inaweza kuwa nzito, pembeni nyepesi. Mahali ioni zinapozidi, chuma kilicho juu hujaa chaji chanya. Mahali elektroni zinapozidi, hujaa chaji hasi. Tofauti ya volti kadhaa ikitokea, mkondo hutafuta njia: unashuka kupitia utando wa geti mahali fulani, unapita ndani ya silikoni, unapanda kupitia utando wa geti nyingine mahali pengine. Transista mbili zinaumia kwa pigo moja, nazo hazijawahi hata kuwashwa.

Wahandisi huliita jambo hili tatizo la antena, ingawa halihusiani na redio. Geti yenyewe ni ndogo mno kuweza kukusanya chaji nyingi. Ila geti huunganishwa na waya wa chuma, na waya huo unaweza kusafiri mbali juu ya chipu. Wakati waya unachongwa, eneo lake lote hupokea chaji na kuishusha kwenye geti. Ni kama bati la nyumba linalokinga mvua kwenye jerikani moja: mvua hata iwe manyunyu, jerikani itajaa, kwa sababu kinachohesabiwa ni ukubwa wa bati. Ndiyo maana kipimo kinachotumika ni uwiano: eneo la chuma kilichounganishwa ukiligawa kwa eneo la geti. Kila kiwanda huwawekea wabunifu kikomo cha uwiano huo, na mchoro unaozidi haupokelewi.

Kinachokera zaidi ni wakati. Chipu ikishakamilika, waya ule ule huwa umeungana na transista nyingine ambayo ingeweza kuipeleka chaji chini salama. Lakini chipu hujengwa tabaka kwa tabaka. Waya wa tabaka la kwanza unapochongwa, kiungo chake cha kwenda kwenye njia salama huenda kimepangwa tabaka la tatu, ambalo bado halijawekwa. Katika kipindi hicho waya unaelea, umeshikana na geti tu, na chaji yote haina pa kwenda isipokuwa kupitia utando.

Halafu kuna jambo ambalo Koichi Hashimoto wa Fujitsu alilieleza mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kwangu ndilo linaloonyesha vizuri kuliko yote jinsi tatizo hili lilivyo la kimaumbile. Hata plazima ikiwa sawasawa kabisa, majeraha bado yanatokea. Fikiria mifereji myembamba na mirefu kwenda chini kati ya kuta za rezisti. Ioni zinashuka wima, kwa hiyo zinafika sakafuni. Elektroni zinakuja kutoka kila upande, kwa hiyo nyingi zinagonga kuta za juu na kunasa hapo. Rezisti ni kihami. Chaji hasi inabaki juu ya kuta na kuzifukuza elektroni zinazofuata. Sakafu inapokea ioni tupu na kujaa chaji chanya. Kadiri mfereji unavyokuwa mwembamba na wenye kina, ndivyo upungufu wa elektroni sakafuni unavyozidi. Maana yake ni kwamba kila kizazi kipya cha chipu, kwa kubana nyaya zake zaidi, kimekuwa kikilikuza tatizo hili.

Mkondo ukishapita kwenye utando, nini kinatokea humo? Mara chache utando hutoboka pale pale. Hilo ni afadhali, kwa sababu chipu itakataliwa kwenye vipimo vya kiwandani na haitamfikia mtu. Kinachotokea zaidi ni majeraha madogo. Elektroni zenye nguvu huvunja kifungo hapa na pale na kuacha mitego, yaani sehemu ambazo elektroni nyingine itakuja kunasa baadaye. Mpakani, mahali oksidi inapokutana na silikoni, hidrojeni iliyokuwa imeziba vifungo vilivyo wazi hung'olewa. Volti ya kuwashia transista inahama kidogo. Mkondo mdogo wa kuvuja unaanza.

Mwishoni mwa utengenezaji, visahani huokwa kwenye joto la nyuzi 400 hivi katika gesi yenye hidrojeni. Hidrojeni inarudi kwenye vifungo vilivyo wazi na majeraha mengi yanafunikwa. Vipimo vinaonekana vizuri. Lakini kifungo kilichozibwa upya mahali palipoumia huwa dhaifu. Chipu ikifanya kazi kwa miezi na miaka, chini ya volti na joto, mitego ile huanza kuibuka tena. Mipya inaongezeka karibu na ya zamani, na siku mitego itakapopangana kutoka upande mmoja wa utando hadi wa pili, mkondo unapata daraja. Utando umevunjika. Bodi safi, hakuna alama ya kuungua.

Ajabu ni kwamba utando mwembamba sana, chini ya nanomita 3 hivi, uliibuka kuwa mvumilivu kuliko ule wa nanomita 5. Katika unene huo elektroni huvuka moja kwa moja kwa kanuni za kwanta, bila kupata nguvu ya kutosha kuvunja vifungo njiani, hivyo chaji huvuja kabla haijawa hatari. Wengine walidhani tatizo limekwisha. Kisha uvujaji huo huo ukawa mkubwa mno kwa betri, na mwaka 2007 Intel ikaleta chipu za nanomita 45 zenye utando wa oksidi ya hafini, ambao unaweza kuwa mnene zaidi huku ukifanya kazi ya utando mwembamba. Utando mnene ukarudi, na oksidi ya hafini ina mitego yake yenyewe tangu mwanzo. Mjadala ukafunguliwa upya.

Kihami chenye vitundu

Utando wa geti ni mmoja tu. Juu ya transista kuna nyaya za shaba, katika chipu nyingi za kisasa tabaka 10 au zaidi, na kati ya waya na waya kuna kihami kingine. Hapa kinachotakiwa ni kinyume cha hafini. Nyaya mbili zilizokaribiana hufanya kapasita, yaani kihifadhi cha chaji, bila kutakiwa. Kila ishara inayopita lazima kwanza iijaze kapasita hiyo, na hilo hula muda na umeme. Njia ya kuipunguza ni kutumia kihami chenye kipimo kidogo cha k, ambacho ni kipimo cha jinsi kitu kinavyohifadhi chaji. Ombwe lina k ya 1. Oksidi ya silikoni ina karibu 4. Baada ya IBM kutangaza nyaya za shaba mwaka 1997, viwanda vilianza kutafuta kihami cha k ya 3, kisha 2.5.

Walichokipata ni oksidi ya silikoni iliyotiwa vikundi vya methili, yaani kaboni moja na hidrojeni tatu, vilivyoshikana na silikoni. Methili hufanya mambo mawili: huuacha utando uwe na nafasi wazi ndani yake, na huufukuzia maji mbali. Ili kuishusha k zaidi, waliongeza vitundu vya nanomita 1 au 2, vingine vikiungana na jirani zake.

Sasa utando huu unachongwa mifereji ambamo shaba itamwagwa. Baada ya kuchonga, rezisti iliyobaki juu huondolewa, na njia ya zamani ya kuiondoa ni plazima ya oksijeni, kwa kuwa rezisti ni kaboni na oksijeni huichoma ikawa gesi. Ila methili nayo ni kaboni. Radikali za oksijeni hazichagui. Zinaingia kwenye vitundu, zinasafiri ndani ya utando, na kila zinapoikuta methili zinaichoma na kuacha mahali pake kikundi cha oksijeni na hidrojeni. Kikundi hicho kinapenda maji. Utando uliokuwa ukiyafukuza sasa unayavuta kutoka hewani, na maji yana k ya karibu 80. Tone dogo mno la unyevu ndani ya vitundu linatosha kufuta faida yote iliyotafutwa kwa miaka.

Jeraha hili unaweza kuliona kwa tone la maji. Dondoshea tone juu ya utando mzima: linasimama limejikunja kama shanga, pembe kati yake na uso ikiwa karibu na nyuzi 90 au zaidi. Dondoshea juu ya utando uliopita kwenye plazima ya oksijeni: linatandazika na kulala. Hakuna darubini iliyohitajika. Kuta za ndani ya mfereji haziwezi kupimwa hivyo, kwa hiyo mafundi wa maabara huvitumbukiza vipande ndani ya asidi ya haidrofloriki iliyozimuliwa sana. Utando mzima hauyeyuki kwa urahisi. Sehemu iliyopoteza methili huyeyuka upesi. Ukikata kipande na kukitazama kwa darubini ya elektroni, pengo lililobaki kati ya shaba na kihami linakuonyesha hasa jeraha lilifika kina gani. Kwa kipimo cha mionzi ya infraredi nako, alama ya silikoni na methili hupungua huku alama ya maji ikinyanyuka.

Kina hicho kinaweza kufika makumi ya nanomita. Pale nyaya zilipokuwa zimeachana kwa nanomita 200, ukuta ulioumia ulikuwa sehemu ndogo ya kihami chote. Nyaya zikiachana kwa nanomita 30, na kuta za pande zote mbili zimeumia, hakuna kilichobaki kizima katikati. Zaidi ya ishara kuchelewa, utando wenye maji huvuja mkondo, na chini ya volti ya miaka mingi shaba hujipenyeza kuelekea waya wa jirani.

Mhusika wa nne ni mwanga. Plazima ya agoni hutoa mionzi ya urujuanimno ya mawimbi ya nanomita 104.8 na 106.7, ambayo kila fotoni yake, yaani chembe ya mwanga, hubeba nguvu ya zaidi ya elektroni-volti 11. Oksidi ya silikoni inahitaji karibu 9 tu ili elektroni yake ing'oke. Kwa hiyo fotoni zinazogonga utando zinazalisha chaji ndani yake, mahali ambapo ioni hazifiki kamwe. Elektroni hutoka haraka. Nafasi chanya zinazoachwa husogea polepole na kunasa kwenye mitego. Katika kihami chenye methili, mwanga huo huo hukata kifungo cha silikoni na kaboni. Kisha radikali zikifika zinakuta kazi imeshaanza. Mwanga na radikali kwa pamoja huumiza kuliko jumla ya kila kimoja peke yake, jambo lile lile ambalo Coburn na Winters waliliona kwa ioni na gesi.

Hili la mwanga linatuhusu Waganda kwa njia nyingine. PearlAfricaSat-1, setilaiti yetu ya kwanza, ilirushwa Novemba 2022 kutoka Wallops, Virginia, na kuachiwa kwenye obiti kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga mwezi uliofuata, baada ya wahandisi wetu kuijenga pamoja na wenzao katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani. Chipu ikiwa angani hupigwa na mionzi inayofanya ndani ya oksidi kitu kile kile: elektroni zinatoka, nafasi chanya zinanasa, volti ya kuwashia inahama. Anayejifunza jinsi plazima inavyojeruhi utando kiwandani anajifunza pia nusu ya kinachoiua chipu angani.

Tiba

Wengi wa wanaoshughulika na tatizo hili hawajaribu kuifanya plazima iwe mpole kwa jumla, kwa sababu plazima pole haichongi. Wanatafuta kumpunguzia nguvu mhusika mmoja kwa wakati.

Plazima ya kupigapiga ni mfano mzuri. Umeme wa redio huwashwa na kuzimwa maelfu ya mara kwa sekunde. Unapozimwa, elektroni hupoa ndani ya makumi ya maikrosekunde, na katika gesi kama klorini nyingi hujishika na atomu zikawa ioni hasi. Sasa kuna chembe nzito zenye chaji hasi zinazoweza kushuka mferejini na kufuta chaji chanya iliyorundikana sakafuni. Seiji Samukawa wa Chuo Kikuu cha Tohoku alikwenda mbali zaidi: alipitisha ioni kwenye matundu ya sahani ya kaboni ili zipoteze chaji yake zikiwa njiani. Kinachofika kwenye kisahani ni chembe zenye mwendo wa wima lakini bila chaji, na sahani yenyewe huzuia sehemu kubwa ya mwanga. Ni njia safi, ingawa kuchonga kwake ni polepole.

Kwa rezisti, oksijeni inaweza kubadilishwa na hidrojeni iliyochanganywa na heli, plazima ikiwashwa mbali na kisahani ili radikali tu ndizo zifike. Kuna wanaorudisha methili zilizochomwa kwa mvuke wa kemikali za silikoni, lakini uponyaji huo huishia karibu na uso. Ndani zaidi jeraha linabaki. Kuna wanaochonga kwenye baridi ya nyuzi 100 chini ya sifuri au zaidi, ambapo gesi ya kuchongea yenyewe hugeuka kimiminika ndani ya vitundu na kuvikinga, kisha hugeuka mvuke na kuondoka joto likirudi. Na IBM walipendekeza kuvijaza vitundu kwa plastiki kabla ya kuchonga na kuitoa baada ya kazi kwisha. Hii kwangu ndiyo busara kubwa kuliko zote, kwa sababu inakubali kwamba plazima itajeruhi kila nafasi itakayoikuta, hivyo inahakikisha haikuti nafasi. Intel nayo, katika chipu zake za nanomita 14 za mwaka 2014, iliacha kihami kabisa katika baadhi ya tabaka na kubakiza hewa tupu kati ya nyaya. Hewa haina methili ya kupoteza.

Upande wa mtumiaji, kinachoharakisha mitego ya kwenye utando ni vitu viwili vinavyojulikana vizuri: joto na volti. Simu inayochajiwa ndani ya gari lililoanikwa juani Jinja, inveta ya sola iliyofungiwa kwenye kijumba cha bati kisicho na tundu la hewa, kidhibiti cha boda boda ya umeme kilichoziba vumbi: vyote hivyo vinazeesha utando kwa kasi kuliko ilivyopangwa, na chipu iliyotoka kiwandani na jeraha ndiyo itakayotangulia. Kijumba cha inveta kikitobolewa matundu mawili ya hewa, joto linashuka na umri wa chipu unaongezeka.

Na kwa vijana wa vyuo vyetu, sehemu ya ubunifu iko wazi sasa hivi. Mwaka 2020 kampuni ya SkyWater ya Marekani, ikishirikiana na Google, ilitoa hadharani na bila malipo kanuni zote za kubuni chipu za mchakato wake wa nanomita 130, zikiwemo kanuni za antena. Programu huria ya OpenLane inaendeshwa kwenye laptopu yenye Linux. Ukiipa mchoro wako, itakokotoa kwa kila waya na kila tabaka uwiano wa chuma na geti, na kukutajia nyaya zilizovuka kikomo. Hapo una njia mbili. Unaweza kuukata waya mrefu karibu na geti na kuupandisha tabaka la juu kwa kipande kifupi kisha kuushusha, ili wakati tabaka la chini linachongwa sehemu kubwa ya waya iwe haijaungana na geti. Au unaweza kubandika dayodi ndogo kwenye waya, inayolala kimya chipu inapofanya kazi lakini ndani ya plazima huipa chaji njia ya kushuka kwenye silikoni bila kugusa utando. Programu inaweza kukuwekea dayodi yenyewe. Ni vizuri kuizima sehemu hiyo kwanza, kuitafuta antena kwa macho yako kwenye mchoro, na kuifuata kutoka tabaka la juu hadi kwenye geti inayotishiwa.